Maboksi ya Mdalasini

Raya wa Mji Mpya hakuwa na haraka na boksi. Alilipindua kwanza, akakutanisha vizuri makunjo ya chini, akavuta selotepu pana juu ya mshono mpaka ikashuka kila upande, kisha akaziba na kingo zake. Aliisugua kwa kiganja ishike. Ndipo alipotia mdalasini uliotoka kwa wajomba zake Kinole, akafunga juu vilevile.

Kibwana, dereva wa bajaji, aliyapeleka maboksi kwa Luqmani, kaka yake Raya wa tumbo moja, aliyekaa karibu na stendi ya Msamvu. Yalilala huko, na alfajiri Luqmani akayapakia kwenye basi la Dodoma. Kazi hiyo alipewa na Raya mwenyewe, duka lake la simu lilipokufa.

Siku moja mama Taramati, mwenye duka la viungo Dodoma, akapiga simu. Mdalasini, alisema, umechanganywa na magome yasiyo na harufu. Raya aliapa kwamba hajui. Jioni alimweleza kaka yake, naye akaacha kula, akafikiri kidogo, akasema, "Mimi namshuku Kibwana."

Kesho yake Raya akamwachisha kazi Kibwana, mbele ya madereva wenzake.

Mzigo uliofuata ulikwenda kwa bajaji nyingine. Safari hii mama Taramati alirudisha boksi moja likiwa limefungwa, na ujumbe mfupi: binti yangu, tazama mwenyewe.

Juu palikuwa kama alivyopaacha. Akalipindua. Chini, selotepu ilikuwa imebandikwa juu ya selotepu. Ya kwanza ilipasuliwa kwa wembe, ya pili ikapita juu yake kuficha. Raya alilifungua, akatafuna kipande cha gome. Kilikuwa kuni tu. Akakaa sakafuni, akatafuta mtu mwingine wa kumshuku, akamkosa.

Luqmani alipoingia, shikamoo ya kila siku haikumtoka Raya mdomoni. Kaka mtu aliliona boksi lilivyolala kichwa chini, akaanza habari za makondakta wa basi, kisha akachoka.

"Nilijua hutanishuku mimi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida.

Aliendelea kusema maisha yamembana, kwamba alikusudia kuacha. Raya hakuyasikia hayo. Alimuuliza, "Na Kibwana?"

"Kibwana angepata kazi nyingine."

Raya akamfungulia mlango.

Asubuhi alikwenda kijiweni kwa madereva, akaomba radhi mbele ya walewale waliomsikia siku ile. Kibwana alisema hana kinyongo, ila kurudi hatarudi. "Hukuniuliza hata mara moja, dada Raya."

Mama Taramati alikubali kuendelea naye, ingawa tangu hapo alifungua kila boksi kabla ya kulipokea. Mama yao alisihi wayamalize, maana ndugu hawatupani. Raya akamtii, na walipokutana msibani Kinole alimsalimia kaka yake, akamuuliza hali ya watoto. Zaidi ya hapo hakuwa na la kumwambia. Siku hizi mzigo anaupeleka Msamvu mwenyewe, na haondoki mpaka buti la basi limefungwa.