Kona ya Bwana Sijui

Kwa miaka yote ya ndoa yake, Arlys Kubicek alitazama midahalo ya wagombea urais bila kumsikia mgombea hata mmoja. Aliyemsikia ni Merle, mumewe. Mgombea akifungua mdomo kwenye televisheni, Merle naye alifungua wake, na wa Merle ulikuwa karibu zaidi. Huyu mwongo. Huyu hajawahi kupanda trekta maisha yake. Huyu angalau kavaa vizuri. Mdahalo ukiisha, Arlys alikuwa anajua vizuri kabisa Merle anawaonaje watu wote wale, na wao wenyewe hajui wamesema nini. Hakulalamika. Jioni ya mchujo ilipofika walivaa mabuti wakaenda shuleni, na Merle aliposimama, naye Arlys alisimama papo hapo.

Maana Iowa chama chao hakikuwa na mambo ya sanduku na pazia. Kila mgombea alipewa kona yake chumbani, nawe ulikwenda kwa miguu yako ukasimama kwenye kona ya umtakaye, majirani wote wakikutazama. Mtu mwenye haya alipata taabu sana katika jimbo lile.

Merle alifariki majira ya kuchipua. Theluji iliporudi na midahalo ikaanza, Arlys alikaa kwenye kochi na bakuli lake la bisi, akawasha televisheni, na nyumba nzima ikawa kimya isipokuwa wale watu waliopangwa nyuma ya vimeza vyao. Alishtuka kidogo. Kumbe walikuwa wanaongea.

Tangu hapo hakukosa mdahalo hata mmoja. Gavana Tolliver alikuwa mtu wa tabasamu, na kila swali alilijibu kwa kutaja babu yake mchimba makaa, hata alipoulizwa habari za China. Seneta Marchetti alijua kila kitu, na wenzake wakikosea alikuwa hapohapo kuwasahihisha. Arlys alimpenda kama mtu anavyompenda daktari wa meno aliye hodari. Yule tajiri Brandvold alianza kila jibu kwa "Niseme ukweli," mpaka ukajiuliza yale mengine yalikuwa nini. Na mwishoni kabisa mwa safu, pale kamera hufika kwa kusitasita, alisimama Mbunge Quist wa Montana, tai imekwenda upande. Wengine wakigombana yeye alikunywa maji. Mtu akiongea, alimwacha amalize.

Jirani yake Donnabelle Pruess alikuja kutazama naye, na sufu yake ya kufuma. Donnabelle alikuwa wa Seneta tangu siku ya kwanza.

"Mwone anavyomnyoosha," Donnabelle akasema. "Gavana leo kapatikana."

"Hebu nyamaza kidogo. Bado anaongea."

"Shoga, na mimi nilizaliwa na mdomo."

"Wako naujua. Wake ndio siujui."

Donnabelle alicheka, akarudia kufuma kwake.

Ndipo mtangazaji akauliza juu ya hospitali ndogo za mashambani zinazofungwa. Gavana alimtaja babu yake. Seneta alitoa mpango wenye sehemu tano. Brandvold akasema ukweli. Zamu ya Quist ikafika, naye akanywa maji polepole mpaka ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Sijui," akasema. "Sijui bado. Nimewauliza wauguzi wa kwetu, na wao hawakubaliani. Nitarudi kuwauliza tena. Nikijua nitawaambia."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Donnabelle naye alicheka hadi uzi ukamponyoka. "Maskini ya Mungu. Kajimaliza mwenyewe."

Arlys hakucheka. Hospitali ya wilaya yao ilifungwa mwaka mmoja kabla Merle hajapatwa na mshtuko wa moyo, wakampeleka mbali, na siku ile kila mtu ambaye Arlys alimuuliza alikuwa na jibu. Dereva alimwambia watafika mapema. Muuguzi wa mapokezi alimwambia hali si mbaya. Daktari kijana alimwambia asubuhi atakuwa anaongea. Wote walikuwa watu wema, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Arlys aliamini kila neno, akaenda kununua kahawa, na kwa sababu hiyo hakuwepo Merle alipokata roho. Alikuwa bado hajawasamehe majibu yale.

"Umenyamaza, shoga," Donnabelle akasema.

"Nasikiliza."

Kufikia mwisho wa wiki nchi nzima ilikuwa inamwita Quist Bwana Sijui. Wachekeshaji walimfanya kitoweo.

Jumapili Verlyn, mdogo wake Merle, alikuja na beji ya Gavana Tolliver. Verlyn ndiye aliyekuwa kapteni wa kona ya Gavana mjini kwao, na ndiye aliyekuja na trekta lake kila theluji ilipoanguka, akamfungulia njia mpaka barabarani bila kuombwa.

"Nimeshakuhesabu, shemeji," akasema, akimbandika beji kifuani. "Merle angekuwa mbele kabisa."

Arlys alitaka kusema jambo. Alitazama dirishani, akaona njia yake ilivyosafishwa vizuri, pembe hadi pembe. "Kunywa kahawa, Verlyn," akasema. Beji aliivua baadaye akaitia mfukoni mwa koti, akajiona mwoga, na kwa kweli alikuwa mwoga.

Jioni ya mchujo walikutana maktaba ya shule ya msingi, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Arlys aliweka sinia yake ya kolache, vile vimkate vitamu vya kujazwa, za mbegu za mpopi na za plamu, juu ya meza. Mwenyekiti, Bi. Haase, alisoma kanuni kisha akawaambia waende kwenye kona zao.

Kona ya Quist ilikuwa kwenye rafu ya vitabu vya dinosaria. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, jina lake kwa kalamu nene. Arlys aliitazama, halafu akajikuta ameshaanza kutembea.

"Shemeji, umepotea?" Verlyn akamwita kutoka ng'ambo. "Tuko huku."

"Sijapotea."

Watu wakageuka. Mtu akasema, "Bwana Sijui? Arlys, wewe?"

"Ndiyo, mimi," akasema, na akaegemea dinosaria.

Peke yake hakutimiza kiwango cha watu waliotakiwa kwa kona, na hilo lilijulikana bila hesabu. Kanuni zilisema mtu wa kona iliyoshindwa anaweza kuhamia kwingine, au abaki bila upande. Bi. Haase alihesabu kona zilizobaki, akahesabu tena, kisha akavua miwani. Kona ya Gavana na kona ya Seneta zilikuwa sawasawa. Palibaki mjumbe mmoja wa kugombewa, wa kwenda kwenye mkutano wa chama, na Arlys akihamia upande wowote, upande huo unampata mjumbe huyo. Asipohama, watarusha sarafu.

Basi Arlys Kubicek, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote juu ya siasa, akawa bibi harusi. Mmoja alimletea kiti kikubwa kilichokuwa cha mwalimu. Mwingine alimletea kahawa. Donnabelle alimletea kolache, moja ya zile alizoleta Arlys mwenyewe.

"Njoo kwetu, shoga. Utasimama karibu nami, na wewe unamkubali Seneta, nakujua."

"Namkubali," Arlys akasema. "Ule mpango wake wa hospitali, sehemu ya tatu ilikuwaje?"

Donnabelle akafikiri. "Ilikuwa... hiyo ilikuwa ya fedha, nadhani. Lakini ni mpango mzuri sana."

"Asante kwa kolache."

Verlyn alimsubiri Donnabelle aondoke, akaja na kofia mkononi. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hapo Arlys alihisi uchungu, kwa sababu alimpenda.

"Shemeji, watu wananiangalia. Niliwaambia wewe uko kwetu. Ingekuwa Merle—"

"Ingekuwa Merle, mngeshinda. Najua. Sasa niambie, Gavana wako atafanya nini na hospitali yetu?"

Verlyn alifungua mdomo. Arlys aliuona ukifunguka vile vile alivyoufungua Merle mbele ya televisheni, ukiwa na jibu tayari, na akangoja lile jibu. Verlyn aliitazama kofia yake.

"Sijui," akasema polepole. "Kwa kweli sijui, shemeji. Kila nikipita pale naona milango imefungwa, na sijui. Merle angejua."

"Merle hakujua," Arlys akasema, kwa upole. "Alikuwa anasema tu kwa sauti kubwa."

Verlyn alinyanyua macho, na uso wake ukawa kati ya kicheko na kilio. Alimshika Arlys bega kidogo, akarudi kwenye kona yake bila kumwomba tena.

Arlys alibaki alipo. Bi. Haase alirusha sarafu, ikagonga zulia lenye picha za herufi, ikabingirika hadi chini ya rafu, na ikabidi Verlyn apige magoti kuitafuta. Ni yeye aliyesoma upande uliotazama juu. Mjumbe alikwenda kwa Seneta, na upande wa Donnabelle ukapiga makofi.

Nje baridi ilikuwa inauma meno. Arlys alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, akijiuliza kama kesho kutwa, theluji ikianguka, trekta litakuja, aliposikia mabuti nyuma yake. Verlyn alikuwa amebeba sinia ya Arlys, tupu. Alichukua kikwangulio mkononi mwa Arlys, akakimaliza kioo chote, na cha nyuma pia.

"Mdahalo mwingine lini?" akauliza, akiendelea kukwangua.

"Alhamisi. Lakini sidhani kama Quist atakuwepo tena."

"Nami nikija kutazama?"

Arlys alitoa ile beji mfukoni, akamrudishia kiganjani, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Njoo," akasema. "Ila kwangu siku hizi, wagombea ndio wanaoongea."