Taa ya Mwalimu Gerson

"Marehemu baba yako hakuwahi kubakiza hata tonge la ugali wangu," Mabel alimwambia bintiye Glory, akichekecha unga wa muhogo. "Ni kweli mbwa wetu alinenepa sana miaka ile, lakini hayo tuyaache."

Glory alicheka. Alikuwa amekuja Mkunya likizo hii ya mwezi wa sita na mumewe Gerson, mwalimu wa Masasi, kwa pikipiki. Ilikuwa mara ya tatu tangu ndoa yao ya Pasaka, na Mabel alikuwa hajafanikiwa kuwalisha chakula cha jioni hata mara moja. Kila ikikaribia saa kumi, Gerson husimama, akajinyoosha kiuno, akasema taa ya pikipiki imeungua, giza lisije likawakuta njiani. Chakula kinaishia kwenye hotipoti, wakaondoka nacho. Mtoto gani huyo, Mabel alijiuliza, anayekula kwa mama yake kama yuko stendi?

Leo alikuwa amechinja jogoo na kutwanga korosho za kuungia mchuzi. Saa kumi kasorobo, Gerson huyo, kasimama.

"Mama, tunaomba ruhusa. Ile taa bado mbovu."

"Pole, Mwalimu. Kawaageni basi majirani, wasije wakasema mkwe wangu ana maringo."

Walipotoka, Mabel aliiendea pikipiki bila hata kunawa mikono. Marehemu Alfredi alikuwa na ya namna hiyohiyo, na kila jioni kazi ya kufunga koki ya mafuta ilikuwa ya mkewe. Akaifunga, akarudi jikoni kuchochea moto, roho kwatu.

Hawakufika mbali. Kwenye mikorosho ya jirani yao Nurdin pikipiki ilikohoa, ikazima. Gerson alipiga kiki mpaka shati likaloa. Wakaikokota kurudi, Glory nyuma na hotipoti kichwani.

"Jamani, vyuma hivi!" Mabel alisikitika, macho yakimcheka. Akatuma salamu kwa fundi Bwanali, na ujumbe kwamba asijisumbue kuja kabla hajaswali magharibi.

Gerson alikula barazani peke yake, mbali na macho ya mama mkwe kama mila inavyotaka. Mabel alisikiliza kutoka jikoni: sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku hiyo hakuna mbwa aliyenenepa.

Bwanali alifika, akapiga magoti kando ya pikipiki.

"Mama Glory, koki imefungwa. Halafu ina unga."

"Unga?" Mabel aliificha mikono ndani ya khanga. "Mimi na pikipiki wapi na wapi, Bwanali? Hata mbele na nyuma sijui."

Gerson alitabasamu, tabasamu la mwalimu aliyemnasa mtoro. Bwanali akafungua koki, akapiga kiki, injini ikanguruma, na kwa mazoea yake akabonyeza swichi. Taa ikamwagika ua mzima, nyeupe pee, mpaka jogoo wa jirani akawika.

Glory aliitazama taa, kisha mumewe.

"Mwalimu, hii ndiyo iliyoungua? Au huwa inaungua siku unazowahi mpira kwenye televisheni tu?"

Tabasamu lilimkauka Gerson. "Itakuwa... itakuwa imepona kwenye yale makorongo ya njiani."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Mabel. "Na koki itakuwa ilijifunga yenyewe."