Mistari Miwili ya Ziada

Winchi ililibinua bodi la helikopta, likaegemea mguu mmoja wa chuma, kisha likaangukia ubavu juu ya zege kwa kishindo. Ndani alifungwa mwanasesere mzito wa majaribio. Mafundi walimwita Shemeji, kwa vile alikuja kukaa wiki moja na hajaondoka.

Mhandisi aliingiza kichwa dirishani. Alipokitoa, uso ulikuwa umemshuka.

"Shemeji kavunjika mfupa wa mtulinga, hapa begani, na shingo. Paa halijabonyea, kiti hakijang'oka. Sasa kafa na nini?"

"Labda kachoka kukaa kwa watu," alisema fundi rangi.

Mhandisi hakucheka. Alivuta mkanda wa kiti, akafunua mkunjo wake. "Mistari hii minne ya uzi mwembamba ilitakiwa ikatike mmoja mmoja, mtu apunguzwe kasi kidogo kidogo. Haukukatika hata mmoja. Shemeji kagota kama kagonga ukuta."

Mshonaji wa mikanda, aliyezoea kusimama mlangoni mwa karakana kama mgeni, alisogea ndani. Yeye aliambiwa ashone mistari minne; hakuambiwa ya nini. Siku alipoambiwa hivyo alikuwa akishona mkanda wa kaka yake, rubani, na uzi ule akauona ni wa kushonea vifungo. Kwa huruma akaongeza mistari miwili ya uzi mnene, chini ya mkunjo, pasipoonekana. Ili mikanda ifanane, akaongeza na kwa Shemeji.

Nje injini ya helikopta ya kaka ilikuwa inanguruma. Kaka alikuwa anakwenda kujaribu kutua kwenye mteremko, mahali ambapo mguu mmoja hutangulia kugusa ardhi na helikopta hupinduka kufumba na kufumbua.

"Ni mimi," alisema mshonaji. Akamshika mhandisi mkono wa shati, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. "Mkanda wa kaka una uzi huohuo. Mnene. Niliongeza."

Mhandisi alimtazama mara moja tu, akatoka mbio akipunga mikono.

Injini ilizimika. Kaka akaingia, kofia ngumu kwapani. Walimweleza. Alimtazama Shemeji, shingo imelala begani, akajigusa mtulinga wake polepole.

"Nilitaka usikatikiwe na mkanda, kaka."

"Siku nyingine nipende kidogo tu, mdogo wangu."

Mkanda wa kaka ulipong'olewa kitini na kuletwa, mshonaji alichukua mkasi mdogo ili afumue mistari ile miwili. Mkanda ulilegea na kuteleza, ncha haikushika uzi. Kaka akachuchumaa, akaushika mkanda huku na huku, akaukaza.