Nipe Mji

Mjukuu wangu Loveth alikuja Kilangali likizo ya mwezi wa saba, kamera begani na mkononi kistendi cha miguu mitatu. Nikadhani amekuja kupiga picha za mpunga kwenye shamba la mbegu. Kumbe shamba lenyewe ni mimi.

"Bibi, chuoni wametuambia kila mtu atengeneze filamu ya kwao, ya maisha yake mwenyewe. Na mimi kwetu ni wewe."

"Sasa bibi anachambua mchicha, nani atamtazama?"

"Wewe chambua tu. Nitauliza, utajibu."

Huyu nimemlea tangu ana siku tatu. Mama yake, Agatha, binti yangu wa pekee, alifariki akimzaa. Baba yake, Lekishon, kijana wa wafugaji, alipata ajali ya pikipiki mtoto hata hajaanza kutambaa. Basi, tukabaki wawili. Kila alipouliza habari za upande wa baba yake nilimpa jibu moja: "Hawakuja hata siku moja." Nilimjibu hivyo akiwa chekechea, nikamjibu hivyo akiwa sekondari. Nilisema mpaka mdomo ukazoea.

Siku mbili za kwanza aliuliza mambo mepesi, nikajibu. Siku ya tatu akauliza habari za baba yake, nikajifanya natafuta kisu. Mtoto ananijua huyu. Akakaa mkekani karibu yangu, kijitaa chekundu cha kamera kinawaka, akasema:

"Kitendawili!"

Mimi sijawahi kukataa kitendawili. "Tega!"

"Nyumba yangu ina milango miwili. Mmoja naingia na kutoka kila siku, wa pili sijauona ukifunguliwa."

"Pua."

"Wapi, bibi!"

"Jua na mwezi."

"Umeshindwa. Nipe mji."

Tukicheza, mimi humpa miji ya mbali. Juzi tu nilimpa Marekani nzima, na maziwa yake na mito yake. Siku hiyo ulimi ukanitangulia.

"Chukua Msowero."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi umekuwa mchoyo! Haya, nimekwenda Msowero, nimekaribishwa, nimekula nyama nimeshiba, nimemkuta..."

"Umemkuta bibi yako," nikasema. "Nairesiae. Mama wa baba yako. Yupo huko na alikuja hapa mara tatu."

Nikamweleza yote, mchicha mkononi. Mara ya kwanza alikuja na kibuyu cha maziwa, nikamwambia mtoto amelala. Mara ya pili nikamwambia akachunge ng'ombe zake. Mara ya tatu nilifunga mlango kwa ndani, nikampa mtoto kidole anyonye asilie.

"Kwa nini, bibi?"

"Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamekula mahindi yangu mwaka ule. Hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani. Lakini haikuwa mahindi. Nilikuwa nimetoka kuzika mmoja, nikaogopa watanichukulia na wewe."

"Alisema nini pale mlangoni?"

"Alisema, 'Mama Agatha, nimekuja kumwona tu.'"

Loveth akazima kamera. Siku mbili aliteka maji, akafagia uwanja, chakula akala nje peke yake. Nikajua ninachokikimbia miaka yote ishirini na mitatu kimefika: nitampoteza, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi ya tatu akasimama mlangoni. "Jiandae, tunakwenda Msowero."

"Na mimi?"

"Kwani nikifika nitamwambia nani alifunga mlango?"

Tukapanda gari hadi Kilosa, tukaunganisha. Tulimkuta Nairesiae amekaa nje ya nyumba yake, macho yamefifia, anatunga shanga kwa kupapasa. Nani mkubwa kati yetu, sijui mimi wala hajui yeye, sote tumezaliwa miaka isiyoandikwa popote. Na kwetu mdogo ndiye anayeanza. Nikachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

Akatunga shanga mbili, tatu.

"Marahaba. Umechelewa kuniamkia, Mama Agatha. Sauti hiyo naijua, niliisikia nyuma ya mlango."

"Nisamehe."

"Hasira ninazo, nitazimaliza mwenyewe. Nani mwingine anapumua hapo?"

"Mimi, bibi. Loveth."

"Hilo ni jina la kwao. Sogea. Inamisha kichwa."

Loveth akainama. Mzee akamwekea kiganja utosini, akakiacha hapo muda mrefu.

"Naserian. Nilikuletea jina hili pamoja na maziwa. Maziwa niliyanywa njiani nikirudi, jina nikalitunza."

Mtoto akalia, nami nikalia. Kisha Loveth akafuta pua, akanishika mkono, mkono ule ule ambao siku mbili hakuugusa, akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Mungu wangu! Sikuwasha kamera! Bibi, rudia shikamoo!"

"Shikamoo hairudiwi, wewe! Ni kwaya hiyo?"

Nairesiae akacheka hadi shanga zikamwagika. "Mwache apate picha yake. Rudi kule zizini, Mama Agatha, uje tena. Na safari hii inama vizuri, magoti yako hayajavunjika."

"Yangevunjika ungefurahi."

"Kidogo tu. Nenda."

Nikajikongoja mpaka zizini, nikageuka, nikaanza upya.