Nikikamua Tambara

Profesa tuliyemwita Mama Vyura alikuwa amebakiwa na vyura kumi na mmoja, wadogo kama kidole gumba, wa mwisho kutoka kinamasi kilichofukiwa ili kujengwa maghala. Miaka miwili hawakutaga hata yai moja. Mwisho wa mwezi chumba chao cha maabara pale chuoni kingechukuliwa, na vyura wangegawiwa vyuo vingine, wakazeekee huko mpaka waishe.

Mimi nilikuwa msafishaji. Nilipiga deki kabla wenyewe hawajafika. Kila nilipokamua tambara juu ya ndoo, chura mmoja alilia, kri, kri, akanyamaza. Ananifukuza au ananiitikia? Nikaanza kumjaribu. Nikiburuta kiti, kimya. Nikikohoa, kimya. Nikikamua maji yakamiminika kwa kishindo, wanalia wawili.

Kusema sikuthubutu. Pale kila mtu ana digrii. Mimi niliishia darasa la tano.

Siku moja nilichelewa kumaliza deki, nikamsikia Mama Vyura akimwambia msaidizi wake, "Joto sawa, chakula sawa, unyevu sawa. Lakini madume hawalii, na wasipolia majike hawatagi."

"Wanalia, Mama," nikasema, macho yangu sakafuni.

Msaidizi akacheka. "Hawa? Dada, mimi nashinda nao kutwa. Hilo lilikuwa tumbo lako, hukunywa chai."

Mama Vyura hakucheka. "Wanalia saa ngapi, mwanangu?"

"Nikikamua tambara."

Akaweka kalamu chini. "Hebu kamua."

Nikakamua. Kimya. Nilitamani ardhi inimeze. Msaidizi alikuwa ameshageukia karatasi zake nilipokumbuka kwamba asubuhi mashine ya kutoa ukungu huwa imezimwa. Wasafishaji tuliagizwa tuizime kabla ya kumwaga maji, tusipigwe na umeme. Wao wakifika wanaiwasha, inanguruma hadi jioni.

Nikaizima. Nikakamua tena.

Kri, kri. Kri, kri, kri.

Mama Vyura akaketi sakafuni, kwenye maji yangu. "Nimewapa unyevu wa mvua," akasema polepole, "nikawanyima sauti yake. Halafu nikawawekea ngurumo juu."

"Nilete kopo tulitoboe, lidondoshe maji kama mvua?" akauliza msaidizi.

"Lete mawili. Na umwombe dada yako radhi."

Tuliyaning'iniza, mashine tukaiacha imezimwa, maji yakadondoka kutwa. Siku ya tisa, nyuma ya jani, niliona ute wenye vitone vyeusi. Sikuugusa. Nikaanza kuhesabu, nikafika sitini na nne, nikapotea, nikaanza upya.