Foto Iliyochoka Kuchungwa

Maman Colombe alifariki mwaka jana, na foto yake moja tu ilibaki katika simu ya mume wake, Papa Ignace. Ilitakiwa ichapishwe kubwa kwa misa ya kumkumbuka, Jumapili. Binti yao Joviale alipoifungua, akaangua kicheko.

"Papa, huyu ni maman ao ni ukungu wa ziwa? Ulimufanya nini?"

"Nilikuwa ninamuchunga."

Kumbe kila alipomkumbuka mkewe, mzee aliikata foto pembeni kidogo ili uso usogee karibu, kisha akabonyeza "enregistrer" ili simu iihifadhi upya, asije akampoteza. Kesho yake akaanzia palepale alipoishia.

Joviale akaacha kucheka. "Papa, simu ikichunga foto inaikamua ili ikuwe nyepesi. Kila mara inatupa kitu kidogo. Ulikuwa unamumaliza na mapendo."

Mzee akafunika simu kwa kiganja. "Basi nimemufuta."

"Ngoja kwanza."

Joviale akampigia shangazi yake, tantine Georgette wa Luberizi, aliyeipiga foto ile kwa simu yake. Punde ikaingia, safi kabisa: mwanya wa maman, kitenge cha njano, na pembeni mwanamume anayemshikia mwavuli huku yeye mwenyewe akilowa.

"Ona, papa! Wa kwanza kukatwa ni weye!"

Papa Ignace akacheka hadi machozi yakamtoka. Kidole chake kikaelekea kwenye kioo, kikasita.

"Na kuangalia tu, kunamumaliza?"

"Kuangalia hakumalizi, papa. Angalia mpaka batri ilale."