Manyoya Anyolewa

Joto la mwezi ule halikuwa na adabu. Asubuhi haijakomaa, bati tayari limeshaanza kulia ta! ta! juu ya duka la kinyozi, na wateja wanajipepea kwa magazeti ya zamani. Chini ya benchi, ulimi nje kama utepe, alilala Manyoya, mbwa mzee mweupe mwenye nywele nyingi hivi kwamba mgeni hakujua mara moja kichwa kiko upande gani.

Kinyozi alimpenda mbwa huyo kuliko alivyokubali kusema. Kila akimsikia akihema vile, alisimamisha mashine na kuchungulia chini ya benchi, mteja akabaki na nusu kichwa.

"Mwenzetu amevaa koti la baridi," akasema hatimaye. "Ngoja nimvue."

Mkewe, aliyekuwa akishona kwa cherehani barazani, akainua uso. "Baba watoto, hiyo mashine ni ya watu!"

"Kwani huyu si mtu?"

Basi akamnyoa. Hakubakisha ila kishungi cha mkia, "kwa heshima yake." Manyoya akasimama katikati ya nywele zake, mwembamba kama mwanambuzi, na watoto wa jirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kinyozi alilala kwa furaha siku hiyo.

Kesho yake Manyoya alijinyoosha uani kwenye jua, kama alivyozoea. Ilipofika alasiri ngozi ya mgongo ilikuwa nyekundu, udenda unamtoka, miguu haimtii. Kinyozi alipomwita, mbwa alijaribu kuja, akaanguka njiani.

"Mama watoto! Anakufa!"

Kinyozi akakimbilia barafu kwa jirani. Mkewe akampigia simu daktari wa mifugo, na sauti ya daktari huyo mwanamke ikajaa uani kupitia spika: "Barafu wekeni mbali! Mtieni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida tumboni, kwapani na kwenye nyayo. Mpepeeni. Akitaka kunywa anywe kidogo kidogo, msimlazimishe. Kisha mleteni upesi!"

Walimwagia, wakampepea kwa trei ya chai, wakamwingiza kwenye kiti cha nyuma cha teksi na madirisha yote wazi. Njia nzima kinyozi alikuwa amempakata, akimnong'oneza maneno ambayo mkewe hajawahi kuambiwa hata siku ya posa.

Huko kliniki, daktari alimtibu, akampaka dawa mgongoni. Alipoona anapumua vizuri, akageuka. "Nani kamnyoa huyu? Zile nywele ndizo zilizokuwa mwavuli wake. Mbwa wa namna hii anachanwa, hanyolewi."

Kinyozi akatazama viatu vyake. Alimsubiri mkewe aseme, maana ukweli ulikuwa upande wa mkewe.

"Tulimnyoa," akasema mkewe. "Hatukujua."

Kinyozi akainua macho, akamtazama mkewe. 

Siku iliyofuata alilikuta shati lake la pamba, lile la kutokea, limekatwa mikono na kupunguzwa kiuno. Manyoya amelivaa.

"Shati langu!"

"Mkosaji ndiye hutoa kitambaa," akajibu mkewe, akikata uzi kwa meno.

 Tangu hapo kinyozi akawa anamtembeza Manyoya alfajiri tu. Ikibidi kutoka baadaye, huinama kwanza na kubandika kiganja kwenye lami. Mkono ukiungua, wanarudi ndani. Feni ya dukani nayo ilielekezwa sakafuni.

"Kinyozi, mteja nani hapa?" akalalamika mwalimu mstaafu, jasho likimtiririka.

"Wewe mwalimu shati unavua mwenyewe."

Mchana mmoja mkewe alipoleta chakula, aliwakuta mumewe na Manyoya wamekaa chini kwenye saruji. Kinyozi alikuwa akimpangusa mbwa masikio kwa kitambaa kibichi.

"Zitaota tu, mzee mwenzangu," alikuwa akisema, huku akijipapasa kipara chake. "Zako bado zina matumaini."

Mkewe akaweka sahani kwenye benchi, akavua kandambili, akakaa nao.